Sura ya Nne: Huruma Si Ushahidi

Muulize mtu yeyote kwenye steji ya matatu ya Ukunda kesi ya mtoto ni nini, naye atakutajia moja kati ya mbili: baba anayekataa kutoa matunzo, au mwanamume aliyekamatwa kwa kunajisi. Zote mbili zipo, na zina sura zake katika kitabu hiki. Hapa nashughulika na ya tatu, ambayo watu hawaijui mpaka iwafikie: kesi ambayo Serikali yenyewe inaingia kati ya mtoto na jamaa zake, au inashtakiwa kwa kutoingia ilipopaswa. Nitaifuata kwa hatua tatu, yaani nani anaileta, kinathibitishwa nini, na mahakama inaamuru nini. Hoja yangu ni moja katika hatua zote. Kinachomlinda mtoto mahakamani ni ushahidi. Huruma ndiyo inayomfanya mtu asimame kumtetea, lakini ikifika mbele ya hakimu peke yake, haina la kusema, na mara nyingine inamdhuru yule yule inayemlilia.

Tuanze na anayeileta. Kuanzia Kinango hadi Lunga Lunga utasikia kwamba mtoto ni wa mzazi, na kwamba mahakama huingia pale mzazi anapoiita. Katiba ya Kenya ya 2010 haisemi hivyo. Kifungu cha 53 kinampa mtoto mwenyewe haki ya jina na uraia tangu anapozaliwa, lishe, malezi ya baba na mama wawe wameoana au la, na kinga dhidi ya kutelekezwa na kudhulumiwa. Kisha kinaweka maslahi bora ya mtoto juu ya mengine yote katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inaorodhesha katika kifungu cha 144 watoto wanaohitaji uangalizi na ulinzi: asiye na mlezi, anayeombaomba, anayetumikishwa, aliyenajisiwa, aliye katika hatari ya kuozwa, na wengine wengi. Afisa wa watoto au polisi anaweza kumfikisha mtoto wa namna hiyo mahakamani bila ridhaa ya mzazi, na jirani yeyote anaweza kuwapasha habari, hata kwa kupiga 116, namba isiyotozwa hela. Wala Mahakama ya Kadhi si mahali pa shauri hili. Kifungu cha 170 cha Katiba kinampa Kadhi hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kwa Waislamu wanaokubali mamlaka yake. Ombi la kumweka mtoto chini ya uangalizi halimo katika orodha hiyo.

Ndani ya kesi hiyo mtoto anaweza kuwa na wakili wake mwenyewe, tofauti na wa mama na tofauti na afisa wa watoto, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilipitishwa ili asiye na uwezo asikose wa kumsemea. Hapo ndipo ninapoulizwa swali lile lile kila mara: mtoto wa miaka minne atamwagiza nini wakili? Jibu ni kwamba hamwagizi, na kwa sababu hiyo wakili wake ana mzigo mkubwa zaidi. Wakili wa mtu mzima anabeba anachoambiwa na mteja wake. Wakili wa mtoto mchanga analazimika kukusanya yote yanayohusu maisha ya mtoto yule na kuyaweka mbele ya hakimu, hata yanayomkwaza yeye mwenyewe. Mtoto akiwa na umri wa kueleza anachotaka, wakili anakifikisha kama kilivyosemwa, hata kama anaona mtoto amekosea. Kupima ni kazi ya hakimu, kulingana na umri na ukomavu wa msemaji. Wakili anayechuja maneno ya mtoto kwa kuwa yeye anajua zaidi amejigeuza mzazi wa tatu, na mtoto hakuhitaji wa tatu.

Hatua ya pili ni kile kinachothibitishwa, na hapa kuna kosa linalonichosha kuliko yote: kuuchukua umaskini kuwa ushahidi wa kumtelekeza mtoto. Nyumba ya udongo, mlo mmoja kwa siku, bibi mwenye macho hafifu anayelea wajukuu watano. Anakuja mfadhili, anapiga picha, na kabla mwezi haujaisha watoto wawili wamo katika makao ya watoto yenye bembea na geti lililopakwa rangi. Ukanda wa Diani umekuwa na makao mengi ya aina hiyo kwa sababu watalii wako hapo, na pesa zao ziko hapo. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, iliyopitishwa 2009, inasema wazi kwamba ufukara peke yake usiwe kamwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Uwe ishara kwamba familia hiyo isaidiwe. Kenya iliandika miongozo yake kwa msingi huo 2014, ikasitisha usajili wa makao mapya 2017, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika familia. Wanaoendelea kuleta vijana wa kujitolea kutoka Ulaya waje kubeba watoto wachanga kwa wiki mbili kisha waondoke wanauza fasheni. Mtoto anayezoea mikono mipya kila mwezi anajifunza kwamba kila anayempenda huondoka.

Najua pingamizi, na si la kipuuzi. Kule makaoni mtoto anakula mara tatu, ana sare ya shule, anatibiwa; kwa bibi hana hata kimoja. Tukitaka kulijibu kwa haki tuache hisia tuangalie kilichopimwa. Huko Bucharest, Romania, watafiti walianza mwaka 2000 kuwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika taasisi. Nusu yao walipelekwa kwa kura kwenye familia za kulea, nusu wakabaki chini ya utaratibu uliokuwapo. Matokeo yaliyochapishwa 2007 yalionyesha kwamba waliopelekwa kwenye familia waliwapita wenzao katika ukuaji wa akili, na waliohama kabla ya kutimiza miaka miwili walinufaika zaidi. Chakula kilikuwepo pande zote mbili. Kilichokosekana upande mmoja ni mtu mmoja wa kudumu. Kwa hiyo hakimu anapoambiwa makao yana maji ya kisima na bibi hana, swali la wakili wa mtoto liwe hili: gharama ya kumweka mtoto kule kwa mwaka ingemfikia bibi, tatizo lingebaki lipi? Likibaki, kwa mfano ikiwa mjukuu anapigwa au bibi hajiwezi kabisa, basi hapo kuna kesi. Lisipobaki, kilichokuwa kinaombwa ni msaada, na mahakama ilikuwa inatumiwa vibaya.

Ndiyo maana ripoti ya afisa wa watoto ndiyo karatasi nzito kuliko zote katika faili. Ripoti mbaya inajulikana kwa mbali: kurasa mbili, maneno kama mazingira duni na mama asiyewajibika, hakuna tarehe ya kutembelea nyumba, hakuna jina la jirani aliyehojiwa. Ripoti nzuri inasema afisa alifika siku gani na saa ngapi, akamkuta nani, mtoto alilala wapi na nani, daftari la shule linaonyesha mahudhurio gani, na nani mwingine katika ukoo aliulizwa. Hilo la mwisho ndilo hurukwa. Wadigo kwa jadi wanahesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ana nafasi ambayo fomu zenye mstari wa baba na mstari wa mama haziioni. Afisa akiandika kwamba baba hajulikani na mama amesafiri Ghuba kufanya kazi, kisha akahitimisha kwamba mtoto hana mlezi, wakili aliyekomaa atauliza kabla ya jambo lolote: mjomba alitafutwa? Na kwa familia za Kiislamu, sheria ya 2022 imeitambua kafala, ambayo inampa mtoto malezi kamili bila kumkatia nasaba yake. Wanaodai kwamba Waislamu wa pwani hawana njia ya kisheria ya kulea mtoto asiye wao bado wanaisoma sheria ya 2001.

Kuna aina mbili za upuuzi ambazo sina subira nazo. Ya kwanza ni ya pepo. Mtoto mwenye kifafa anafungiwa ndani na kufukizwa ubani, anachanjwa kwa wembe, anakosa shule miaka mitatu, na mganga analipwa kuku baada ya kuku. Hospitali ya Msambweni iko, dawa za kifafa zipo. Mahakama haina haja ya kubishana na mganga kuhusu mashetani. Inauliza kama mtoto alinyimwa matibabu, na imani ya mzazi haimpi ruhusa hiyo. Ya pili imevaa kanzu ya busara: kuyamaliza nyumbani. Msichana amenajisiwa, wazee wanakaa, faini inatajwa, mama anaambiwa aende kituoni akaondoe kesi ili watu wasitengane. Hana uwezo huo. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kiliuweka uamuzi wa kusimamisha mashtaka mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, na tangu Katiba mpya kazi hiyo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Wanaosema maslaha, yaani huko kuyamaliza nyumbani, hulinda undugu waeleze ni undugu gani unaolindwa pale mlipaji faini anapobaki jirani wa mlango wa pili. Wala tusijifariji kwamba uchafu huu ni wa wageni wa hotelini pekee. Sheria hiyo hiyo ina kosa mahususi la utalii wa ngono kwa watoto, na ni haki liwepo. Lakini utafiti wa UNICEF na Serikali uliotolewa Desemba 2006, ambao ulikadiria wasichana 10,000 hadi 15,000 waliokuwa wakitumiwa kingono Mombasa, Kilifi, Malindi na Diani, uligundua kwamba karibu asilimia 40 ya wateja walikuwa Wakenya.

Sasa niingie kwenye umri, jambo ambalo mawakili wengi hulipitia kwa sentensi moja. Nililipangia aya moja, litachukua zaidi. Katika kosa la kunajisi, umri ndio kosa lenyewe na ndio adhabu. Aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake anafungwa maisha. Wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Mnamo Julai 2024 Mahakama ya Juu ilisema kwamba viwango hivyo vya chini vinabaki kuwa halali, kwa hiyo hakimu hana nafasi ya kuvipunguza. Upande wa pili, mtoto anayeshtakiwa naye anasimama juu ya umri: sheria ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12, na wa chini ya 14 anachukuliwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwezi mmoja unaweza kumtoa mtoto kizimbani au kumwongezea mtu mzima miaka mitano jela. Halafu mtu anakuja mahakamani akisema mtoto ana kama miaka 13 hivi.

Dhana potofu hapa ni kwamba bila cheti cha kuzaliwa hakuna kesi. Si kweli hata kidogo. Umri unathibitishwa kwa cheti, kwa kauli ya mzazi aliyekuwepo, kwa makadirio ya daktari au ya meno, na hata kwa hakimu kumtazama mtoto pale ambapo jambo liko wazi. Karatasi ninayoipenda kuliko zote ni kadi ya kliniki. Ifungue: chanjo ya kifua kikuu alipozaliwa, ile ambayo kovu lake bado liko kwenye mkono wa kushoto, kisha chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua mwezi wa 9 na wa 18, na pembeni jedwali la uzito linalopanda kliniki hadi kliniki. Chanjo moja inaweza kucheleweshwa na mvua au safari. Safu nzima ya tarehe zinazofuatana, pamoja na uzito wa mtoto anayenyonya, haiwezi kudanganya kwa miaka miwili. Wakili wa utetezi atasema kadi si cheti. Sawa, lakini iliandikwa na muuguzi aliyekuwa kazini, siku ile ile, kabla mtu yeyote hajajua kwamba kutakuwa na kesi, na hakuna ushahidi bora zaidi ya ule ulioandikwa na mtu asiye na la kunufaika.

Na hapa ndipo kesi ya mtoto mmoja inapogeuka kuwa kesi dhidi ya Serikali. Kwa nini mtoto wa Msambweni hana cheti? Wamakonde walitoka Msumbiji kuanzia miaka ya 1930 kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale. Watoto na wajukuu wao walizaliwa Makongeni na kwingineko bila uraia wowote. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi, na kufikia mwisho wa mwaka huo vitambulisho vikaanza kutolewa. Wapemba, waliovua samaki pwani hii kwa vizazi, walisubiri hadi 2023. Kwa miaka yote hiyo mzazi asiye na kitambulisho alipata taabu kumwandikisha mwanawe, na mtoto asiyeandikishwa alikuwa mgumu kuthibitishiwa umri, mwepesi kuozwa na mwepesi kuvushwa mpaka. Watu huliita hili suala la kabila au la siasa. Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua vinginevyo tarehe 22 Machi 2011, katika shauri lililoletwa kwa niaba ya watoto wa Wanubi wa Kenya. Utetezi wa kawaida wa Serikali ni kwamba mtu atahakikiwa atakapofika miaka 18. Kamati ilikataa mtoto asubirishwe hivyo: haki ya kuandikishwa na kupata utaifa ni ya tangu kuzaliwa, na kumwacha mtoto bila utaifa kwa miaka 18 hakuwezi kuwa kwa maslahi yake. Ilikuwa mara ya kwanza kabisa kwa Kamati hiyo kutoa uamuzi juu ya malalamiko, na mlalamikiwa alikuwa Kenya. Katiba nayo ina jibu kwa mtoto aliyeokotwa: kifungu cha 14 kinamchukulia kuwa raia wa kuzaliwa mtoto anayeonekana kuwa chini ya miaka 8 ambaye wazazi wake hawajulikani wala utaifa wake. Wakili asiyekitaja kifungu hicho amemwacha mteja wake nje ya nchi akiwa ndani ya nchi.

Umri ukishathibitika, linabaki neno la mtoto mwenyewe, ambalo watu wanadhani halina thamani bila shahidi mwingine. Hilo lilikuwa na nguvu zamani. Leo kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu hakimu, katika makosa ya kingono, kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, mradi aridhike kwamba mtoto anasema kweli na aandike sababu zake. Kabla ya hapo hakimu humhoji mtoto mdogo aone kama anaelewa kiapo na wajibu wa kusema kweli. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki wa 1959 ndio ulioweka miaka 14 kuwa mpaka wa kawaida wa mahojiano hayo. Wapo wanaolalamika kwamba hili linawaweka wanaume wasio na hatia mikononi mwa watoto waliofundishwa cha kusema. Hatari hiyo ipo, na dawa yake ni maswali ya kina na kumbukumbu zilizoandikwa vizuri. Sheria ya zamani, iliyomtaka mtoto alete shahidi wa tendo linalofanywa sirini, ilikuwa njia ya hakika ya kumnyamazisha.

Hatua ya tatu, ya amri, haihitaji maneno mengi, kwa kuwa amri hufuata kilichothibitishwa: mtoto arudi nyumbani chini ya uangalizi wa afisa, akae kwa ndugu, alelewe kwa kafala au na familia ya kulea, na taasisi iwe ya mwisho na ya muda. Lakini mahakama inaweza pia kuiamuru Serikali. Mwaka 2012 wasichana 11 pamoja na shirika la Ripples International walikwenda Mahakama Kuu ya Meru kulalamika kwamba waliripoti kunajisiwa na polisi hawakufanya uchunguzi wa maana. Tarehe 27 Mei 2013 mahakama iliamua kwamba uzembe huo wenyewe ulivunja haki zao za kikatiba, na kuwaamuru polisi kufanya uchunguzi wa haraka na wa kitaalamu. Kesi hiyo, inayojulikana kama ya wasichana 160 ingawa waliokwenda mahakamani walikuwa 11, haikushinda kwa sababu hadithi zake zilikuwa za kusikitisha, ingawa zilikuwa. Ilishinda kwa sababu malalamiko ya kila msichana yaliletwa yakiwa na kumbukumbu za polisi walichofanya na wasichofanya.

Wapo watakaosema haya yote ni ubaridi, kwamba mtoto anayelia hahitaji karatasi. Anahitaji akumbatiwe leo, na keshokutwa atahitaji hakimu anayeweza kutoa amri isiyotenguliwa kwenye rufaa. Anayemhurumia mtoto wa Ukunda au Makongeni ana kazi ya kufanya kabla ya kuitupa picha yake mtandaoni, jambo ambalo linamvunjia mtoto faragha yake na linaweza kuiharibu kesi: apige 116, ahakikishe taarifa imeingia kituoni na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, imetolewa, amfikishe hospitalini fomu ya P3 ijazwe mapema, aihifadhi kadi ya kliniki, aandike nani aliona nini na siku gani, na akubali kuja kuyasema hayo mbele ya hakimu hata kesi ikiahirishwa mara ya tatu.